Kiti cha Nne

Soksi ilikuwa moja tu, ya sufu, rangi ya majivu, na ilikuwa imelowa. Fundi aliikuta juu ya kiti cha nne cha meza ya kulia, saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni, akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mjusi kwenye ndoo. Nyumba nzima hakuna aliyekuwa na soksi za sufu. Kwa joto la mji ule, mwenye kuvaa soksi za sufu angeulizwa kama ni mzima. Akaianika dirishani, akarudi chumba cha mbele kwenye cherehani yake, akajiambia kwamba lazima Karani kaiazima kwa rafiki yake.

Karani alikuwa binti yake wa miaka kumi na mmoja, aliyepewa jina hilo kwa sababu aliandika kila kitu kwenye daftari, hata alichokula. Mdogo wake, wa miaka saba, aliitwa Kifungo, kwa kuwa alizaliwa mdogo na wa mviringo na akaendelea hivyo hivyo. Baba yao alishona na kutengeneza mabegi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa na kipaji kimoja alichokionea fahari: ukimpa begi alinyanyue mara moja tu, atakuambia limebeba nini. Mke wake alikuwa akimcheka sana kwa hilo. Mke wake alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita.

Sasa shule zilikuwa karibu kufungwa, na Fundi alikuwa ameahidi wiki moja mlimani. Ilikuwa safari ya kwanza tangu msiba, na katika nyumba ile safari ilikuwa na utaratibu wake. Wiki nzima kabla ya kuondoka, hakuna kugusa begi. Kila mtu anaweka vitu vyake juu ya kiti chake, na mama anapita kila siku, anatoa, anaongeza, anakunja upya. Begi linafungwa asubuhi ya safari. Wenzao walipakia harakaharaka wakasahau miswaki. Wao hawakuwahi kusahau hata sindano.

Hapa inabidi niseme alichofanya Fundi, maana nisiposema utamwonea huruma kupita kiasi. Nyumba ya wageni ya huko mlimani ilimtumia fomu kwenye simu. Ilikuwa na visanduku vitatu: baba, mama, watoto. Akavitia alama vyote. Kidole kilikwenda chenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili ya ndoa. Lakini aliona. Aliitazama ile alama kwenye neno "mama" muda mrefu, akajua kwamba ni kosa, kisha akaituma fomu kama ilivyo.

Jioni ile msimamizi wa nyumba ya wageni akampigia. "Kwa hiyo ni baba, mama na watoto wawili. Mama atapenda kitanda cha dirishani au cha ukutani?"

"Cha dirishani," Fundi akasema, na moyo ukamruka kwa furaha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Kwa dakika mbili alikuwa tena mume wa mtu.

Soksi ilikuja kesho yake.

Siku ya pili akaikuta soksi ya pili, imewekwa sambamba na ya kwanza, ambayo haikuwa tena dirishani. Siku ya tatu kulikuwa na sweta la kike, limelowa kwenye mikono. Karani aliapa kwamba si yeye. Chumba cha kulia kikaanza kunuka jiwe lenye ukungu, jiwe la mahali ambapo jua halifiki, na ukipita karibu na kiti kile vinyweleo vilisimama kwa baridi, ilhali nje watu walikuwa wanajipepea na magazeti. Halafu Fundi akaona nguo za watoto. Mashati ya Kifungo yalikuwa yamekunjwa upya, mikono ikaingizwa ndani na kola ikageuzwa chini. Hakuna mtu duniani aliyekunja shati namna ile isipokuwa mmoja.

Alasiri, Kifungo alikuja kutoa kandambili kwenye kiti chake.

"Unazipeleka wapi?" Fundi akamuuliza.

"Mama kasema nisibebe. Kule kuna umande, nitateleza."

"Mama yupi?"

"Wa kwenye kiti," mtoto akajibu, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo la wazi, akaenda zake kucheza.

Karani alimvuta baba yake mkono hadi nje, mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo, ndipo akazungumza. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Baba, yule si mama."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Namsikia. Anakunja kama mama, lakini mama alikuwa hawezi kukunja nguo bila kuimba, tena vibaya. Huyu haimbi. Na majina yetu hayajui. Ananiita 'mkubwa', Kifungo anamwita 'mdogo'. Kama mtu aliyetusoma kwenye karatasi."

"Anakuja saa ngapi?"

"Ukiwa unashona. Cherehani ikilia, anaongea. Ikinyamaza, ananyamaza."

Fundi akataka kucheka, ndivyo watu wazima wanavyofanya mbele ya watoto wao, lakini kicheko hakikutoka. Aliwaacha wote wawili kwa jirani, mwuza mkaa, mama mwenye maneno mengi na moyo mzuri, akarudi ndani peke yake. Akaketi kwenye cherehani. Akaweka kipande cha turubai chini ya sindano, akakanyaga, mashine ikaanza kunguruma, na chini ya mngurumo ule akahisi, zaidi ya kusikia, kwamba katika chumba cha pili kuna mtu anayetembea bila viatu, anazunguka meza, anasimama kwenye kiti cha Karani, anasimama kwenye kiti cha Kifungo, anasimama kwenye kiti chake yeye mwenyewe na kupapasa shati lake, na zipu ya begi fulani ikaanza kufunguka polepole, jino kwa jino, kama inavyofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake, na sauti ikawa inasema maneno ambayo hakuyapata, laini, ya karibu, mpaka akauinua mguu ghafla, mashine ikakatika, na ile sauti ikachelewa kunyamaza.

"...na cha dirishani ni changu," ilimalizia.

Alikwenda mlangoni mwa chumba cha kulia. Hakukuwa na mtu. Juu ya kiti cha nne sasa kulikuwa na soksi mbili, sweta, sketi na mtandio, vyote vimekunjwa vizuri, na maji yalikuwa yanadondoka sakafuni.

Mtaa ule ulikuwa na mtaalamu wa mambo hayo, mtu mfupi mwenye miwani aliyekuwa na duka la fotokopi. Watu walimtania kwamba anatoa nakala kwa mkono huu na majini kwa mkono huu. Alimsikiliza Fundi huku akipanga karatasi, na aliposikia habari ya soksi kulowa akaizima mashine yake.

"Ulimwalika?"

"Sikumwalika mtu."

"Fundi, mimi si polisi. Sema."

Fundi akaeleza habari ya fomu. Alipofika kwenye kitanda cha dirishani akainamisha kichwa.

"Huyo si mkeo," mtaalamu akasema kwa sauti ya chini. "Mkeo amepumzika, mwache apumzike. Huyo ni jini wa huko huko mlimani, wa kwenye mawe. Hao hawaingii kwa mtu hivi hivi. Wewe ulimwandikia nafasi na nafasi haina mwenyewe, akaichukua. Na akishaichukua hatoki mpaka utamke kwamba mwenyewe hayupo."

"Nitamke vipi?"

"Mpigie msimamizi. Mwambie: mke wangu alikufa, futa mama. Hivyo hivyo. Usizunguke, Fundi, maana najua unavyozunguka."

Mke wangu alikufa, ni maneno matatu tu. Lakini Fundi hakuwahi kuyasema. Siku ya msiba wengine walisema kwa niaba yake. Shuleni alipeleka barua. Wateja waliouliza "shemeji hajambo?" aliwajibu "salama" na kuinamia sindano. Siku ile alisimama uani na simu sikioni, akasikia msimamizi anaitika.

"Tumepungua mmoja," akasema. "Tutakuwa watatu."

"Kuna tatizo lolote?"

"Hakuna. Punguza mmoja tu."

"Sawa, nimeelewa," msimamizi akasema.

Aliporudi ndani, kiti cha nne kilikuwa kitupu na kikavu. Ile harufu ilikuwa imekwisha. Siku mbili zilipita bila soksi, bila zipu, bila neno, na watoto wakaanza kugombana vizuri kama zamani. Fundi alipaswa kushukuru. Badala yake, mchana wa siku ya pili, alijikuta ameinama juu ya kile kiti akinusa mbao, na aibu ikamshika, na hata hivyo akanusa tena. Nyumba ilikuwa imerudi kuwa nyumba ya mtu mmoja na watoto wawili, na alikuwa amesahau jinsi ilivyo kubwa.

Asubuhi ya safari mabegi matatu yalipangwa mlangoni. Gari la kukodi lilikuja saa mbili kamili. Fundi akawaambia watoto watangulie, akakimbilia chumba cha mbele kufunga dirisha. Kitasa kikamsumbua. Alikuwa bado anahangaika nacho aliposikia milango ya gari inafungwa, mmoja, wa pili, wa tatu, na injini ikaondoka.

Alipofika barabarani palikuwa na vumbi tu, na mwuza mkaa amesimama mikono kiunoni.

"Haya Fundi, umeoa lini bila kutuambia?" akamwambia akicheka. "Nimemwona kakaa mbele, kajifunika mtandio. Mbona kalowa vile, kaogea na nguo?"

Fundi akampigia dereva. Simu haikupatikana. Akageuka kuingia ndani, na pale mlangoni akaona begi lake, tupu, zipu wazi. Nguo zake zilikuwa zimerudishwa juu ya kiti chake, zimekunjwa, mikono ndani, kola chini. Akampigia msimamizi.

"Fundi! Pole na kazi," msimamizi akasema kwa uchangamfu. "Mkeo kanipigia alfajiri kunieleza. Nimeshakufuta wewe kama ulivyosema. Mama na watoto wawili, watatu. Usijali, nitawatunza mpaka—"

"Mke wangu alikufa."

"Umesemaje?"

"Mke wangu alikufa." Alikuwa anapiga kelele, na jirani mlangoni akaacha kucheka. "Mwaka jana. Nilimwandika kwa sababu nilitaka awepo. Hayupo. Futa mama. Nakuomba sana dada yangu, futa mama, alikufa!"

Upande wa pili akasikia kalamu inakwaruza karatasi.

"Nimemfuta," msimamizi akasema, na sauti yake haikuwa na uchangamfu tena.

Dakika zile hakuna anayeweza kuzihesabu. Fundi alikaa kizingitini na simu mapajani, mwuza mkaa akiwa amemshika bega, mpaka ilipolia.

"Fundi," dereva alikuwa anahema. "Fundi, nimesimama kando ya barabara. Huyu mama aliyeniambia tuondoke alikuwa hapa mbele. Nimegeuka hivi kubadili gia, kiti kitupu. Na mlango haujafunguliwa! Kimelowa chapachapa."

"Watoto?"

"Wapo. Mdogo analia. Nilitaka kuwarudisha, lakini huyu mkubwa kagoma kabisa, anasema huko nyumbani ndiko kile kitu kilikotoka. Anasema uje wewe. Tunakusubiri hapa kwenye mkahawa, na mimi sisogei."

Fundi akasukumiza nguo zake begini bila kukunja hata moja, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mashati mawili, suruali, sweta, mswaki. Akafunga nyumba, akaenda kituo cha mabasi kwa mwendo wa nusu kukimbia, na hakuliangalia lile begi mpaka alipofika mbele ya dirisha la tiketi.

"Wangapi?" mkata tiketi akauliza bila kuinua macho.

Hapo ndipo mkono ulipomwambia. Begi lilikuwa zito kuliko alivyolipakia. Mkono wake haukuwa na shaka: mtandio, sketi, sweta la kike, soksi mbili za sufu, vyote vimelowa. Baridi ilimpanda hadi kwenye kiwiko. Zipu ikasogea jino moja.

"Sema wawili," begi likanong'ona, kwa sauti ile ile aliyolala karibu nayo kwa miaka kumi na miwili.

Na alitaka kusema. Sitamficha. Safari ilikuwa ndefu, kiti cha pembeni kingekuwa kitupu, na tangu mkewe azikwe hakuna mwingine aliyekuwa amekunja shati lake.

"Kaka, tusogee basi, wengine tuna haraka," mtu nyuma yake akalalamika.

"Mmoja," Fundi akasema. "Niko peke yangu. Mke wangu alikufa."

Mkata tiketi akainua macho. "Pole sana, kaka."

Begi likaanza kupungua mkononi mwake. Hakuna aliyeona kitu, na yeye mwenyewe hakuona, alihisi tu. Mtandio ulitangulia, kisha sketi, kisha sweta. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya watu na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulishika tiketi na mwingine ulikuwa bado unapima. Soksi zilitoka mwisho. Moja, na baada ya kitambo, ya pili.

Akalihamishia mkono wa kulia, jepesi, akapanda basi.