Ngazi Si Barabara

Fundi viatu alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini wiki hiyo alikuwa kimya. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi tisa. Na juzi tu, gari la wagonjwa lilimfuata jirani mgonjwa, likazungukazunguka weee, mwisho likarudi mikono mitupu. Kwenye ramani ya simu ya dereva mtaa wao haukuwapo. Palikuwa peupe.

"Na binti yangu je, mwanangu?" alimuuliza msoma mita za maji, dada aliyepanga chumba cha jirani. "Wataniambia hatupo?"

Msoma mita alivuta kigoda, akafungua simu. Alimweleza kwamba kuna ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea. Hawalipwi. Wanatazama picha zilizopigwa kutoka angani, wanachora nyumba na njia. Kisha wenyeji wanaongeza yale ambayo picha haionyeshi. Ramani ni bure, na hata madereva wa hospitali huifuata.

Fundi alijifunza upesi. Jioni ile ile alichora mtaa mzima. Alipofika kwake, tamaa ikamshika. Akachora barabara pana ya magari moja kwa moja hadi mlangoni. Kumbe pale ni ngazi za mawe, hata mkokoteni haupandi.

Kesho yake mchoraji mmoja wa nchi ya mbali alimwandikia kwa upole. Alitaka kujua kama gari linapita hapo kweli, maana pichani aliona kama ngazi. Fundi akapandwa na hasira. Huyo mtu hata mtaa wao haujui!

"Kakuuliza vizuri, mzee," msoma mita alisema. "Dereva atakuamini wewe. Atakwama chini, na binti yako yuko juu analia. Ramani hatuchori tunachotaka. Tunachora kilichopo."

Fundi akanywea. Aliona aibu, na hofu pia.

Wakatoka wakatembea, simu mkononi. Nyuma ya nyumba, kupitia uwanja wa seremala, palikuwa na njia. Seremala akakubali kuondoa mbao zake, na gari likapata pa kupita. Fundi akafuta barabara yake ya uongo. Ngazi akazichora ngazi, na njia ya nyuma akaichora njia ya gari.

Uchungu ulipomshika binti, mke wa fundi alipiga simu hospitali. Fundi alikuwa bado anahangaika kutafuta kiatu cha pili, mara honi ikalia nyuma ya nyumba. Dereva hakuuliza mtu. Fundi akapanda na kiatu kimoja, fundi viatu mzima, na wauguzi wanamtania hadi leo.

Mtoto ni wa kike, mnene, na kwa kelele kamfuata babu yake.

Siku hizi, baada ya kazi, fundi huchora vijiji vya nchi asizozijua hata kwa jina. Mkewe alimuuliza huko ana ndugu gani.

"Sina," alijibu bila kuinua macho. "Lakini huko nako kuna binti wa mtu ana mimba."