Damu Yangu Ilisema Nilikuwa Pwani

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nauza sukuma wiki hapa Silanga, Kibera. Mikasa yenu huwa naisoma nikimaliza kuuza. Leo someni wangu… ila msitarajie machozi, yaliisha.

Mume wangu Wafula ni fundi wa mbao. Tulikuwa na chumba kule Kianda na binti mmoja, Nekesa, aliyekuwa ndio ameanza kutembea. Mama yangu alipofariki nilienda kwetu karibu na ziwa kumzika, nikakaa mwezi mzima. Wafula alibanwa na kazi, akabaki na mtoto.

Niliporudi viungo vikaanza kuniuma. Magoti, vidole… hata kushika kisu cha kukatia mboga ilikuwa shida! Wafula akanipeleka hospitali, damu ikaenda maabara. Siku ya majibu tuliingia pamoja. Daktari, kijana tu, akaniuliza kama nimewahi kuugua homa ya viungo. Nikasema hapana, ni malaria tu. Basi akasema damu yangu ina kinga za homa fulani ya mbu ya huko pwani. Nilienda Mombasa lini?

Mombasa! Mimi hata Machakos sijawahi kufika!

Tulipofika tu nyumbani, Wafula akanigeukia. "Atieno, kumbe matanga ya mama yako yalikuwa Mombasa? Ulikuwa huko na nani?"

Niliapa. Nikamwambia awaulize ndugu zangu. Akasema hao watanifunika tu, lakini damu haidanganyi. Akahamia Kawangware na mtoto. Kila nikienda kumwona Nekesa nilifungiwa mlango. Nikarudi kuuza mboga. Sikulia… sikusikia chochote ndani yangu.

Miaka ikapita. Maumivu yalipozidi nilirudi hospitali, nikapata daktari mwingine, mama mtu mzima. Akasoma yale majibu ya zamani, akaniuliza kwetu ni wapi, na kama utotoni niliwahi kulazwa chini na homa, viungo vimekaza, ngozi inawasha. Eh, kijiji kizima kiliugua! Lakini kwetu kila homa ni malaria, nani alijali jina?

Akanieleza kwamba ile ilikuwa o'nyong-nyong, homa ya mbu ya huko kwetu, na virusi vyake ni ndugu na vile vya pwani. Mwili ukishapigana na mmoja, kinga zinabaki miaka mingi, na ukipimwa yule ndugu yake zinaitika pia. Kilichoniuma sasa kilikuwa baridi yabisi tu.

Nilikimbia Kawangware. Wafula alinisikiliza hadi mwisho. Nyuma yake, kitandani, mwanamke alikuwa ananyonyesha.

"Nimekuamini," akasema. "Lakini sasa nifanye nini, Atieno?"

Wenzangu, majibu ya maabara yakija, ulizeni vizuri yanamaanisha nini kabla ya kuvunja nyumba! Na nyinyi kina mama, waambieni watoto wenu homa walizougua wakiwa wadogo. Mimi wangu sina nafasi ya kumwambia. Siku hizi naruhusiwa kumpelekea ndizi Jumapili. Anazipokea kwa mikono miwili, ana adabu sana, na ananiambia, "Asante, anti."