Mkanda wa Penalti

Kila Ijumaa baada ya sala, wanaume wa ukoo wa Sleyum walikusanyika katika majlisi yake, sebule ya wageni, mtaa wa nyumba za serikali, Sib, Oman. Walikula wali kwa samaki, wakanywa kahawa, wakala halua. Vijana walisema Kiarabu, wazee waliotoka Unguja wakajibu Kiswahili, na wote walielewana.

Mwaka 1999 liliongezeka jambo jengine. Baada ya halua, Sleyum aliweka mkanda wa video.

Ulikuwa mkanda wa fainali ya mpira wa magongo. Mwanawe Asaad, kijana wa miaka ishirini na tatu, alipewa penalti dakika ya mwisho. Alikosa, na klabu yao ikakosa kombe.

"Simamisha hapo!" alisema Marhoon, mdogo wake Sleyum. "Tazameni! Gongo kalishika kama upawa wa mchuzi!"

Watu walicheka.

"Rudisha tena, tuone ule mguu."

Asaad alikaa karibu na mlango. Hii ilikuwa Ijumaa ya nne. Alikiweka kikombe vibaya, kahawa ikamwagikia kanzu yake nyeupe.

"Kunradhini," alisema, akatoka.

"Mwacheni," alisema Sleyum. "Nnamkaza moyo. Samaki mkunje angali mbichi."

Sleyum alimpenda sana mwanawe. Tangu Asaad ana miaka tisa, yeye ndiye aliyempeleka uwanjani. Lakini alidhani kwamba aibu ikirudiwa mara nyingi huisha makali. Kumbe kwa Asaad ilizidi kila Ijumaa.

Mama yake, Shariffa, alikuwa jikoni. Alimsikia mwanawe akitapika msalani. Haikuwa mara ya kwanza. Wiki tatu Asaad alikuwa halali usiku. Sahani yake ilirudi imejaa. Hakwenda tena mazoezini. Kiwandani Rusayl, alikofanya kazi, alisinzia mbele ya mashine, na nusura mkono wake uingie ndani.

Asaad alikuja jikoni. Alivua saa yake, ile aliyoachiwa na babu yake, akaiweka mezani.

"Mpe Reem," alisema. Reem alikuwa dada yake.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mie siihitaji tena. Mama, nikiondoka mtapumzika nyote."

Akaenda chumbani kwake.

Shariffa aliacha alichokuwa akikifanya. Hakungoja wageni watoke. Alijifunga buibui, akavuka njia mpaka kwa jirani yake Kheiria. Kheiria alikuwa muuguzi. Kwa miaka kumi na moja alihudumia wagonjwa wa maradhi ya nafsi.

"Kheiria, huenda nnajitia wasiwasi tu," alisema Shariffa. Akamweleza yote, na mwisho akamtajia saa.

Kheiria alikuwa ameshasimama.

"Hukukosea kuja. Yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani."

"Twende. Mbio."

Walimkuta Asaad uani. Funguo za gari zilikuwa mkononi mwake. Sleyum alisimama penye geti.

"Unakwenda wapi?"

"Natoka kidogo."

"Mwache akapunge upepo," alisema Marhoon kutoka mlangoni. "Atarudi akiwa mwanamme."

"Asiende peke yake," alisema Kheiria.

Hakupaza sauti. Alimsogelea Asaad taratibu, akasimama karibu naye.

"Asaad, mwanangu. Nnakuuliza, na jibu lolote sitakasirika. Unafikiria kujiua?"

"Audhu billahi!" Sleyum alipiga kelele. "Bi Kheiria, usimtie mtoto maneno hayo!"

"Bwana Sleyum, kuuliza hakumtii mtu fikra hiyo. Humfungulia mlango wa kusema. Tafadhali, mwache ajibu."

Asaad alitazama chini. Taa ya geti ilikuwa inawaka mchana, hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Siku nyengine hufikiri kidogo," alisema. "Leo nnafikiri sana."

Sleyum aliketi kwenye kizingiti.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema Kheiria. "Nipe funguo." Asaad akampa. "Sasa tutakwenda hospitali pamoja. Hatutakuacha hata dakika moja."

"Lakini anasali!" alisema Sleyum. "Imani anayo. Kakosa nini?"

"Kusali anasali, na aendelee. Aliyevunjika mguu naye husali, na plasta hutiwa. Haya ni maradhi, Bwana Sleyum. Si udhaifu wa imani wala ukosefu wa uanaume. Wachezaji hupatwa nayo sana. Mchezaji akikosa, huaibika mbele ya uwanja mzima. Akirudi nyumbani anataka mahala pa kupumua. Asaad kila Ijumaa amerudishwa uwanjani."

Sleyum aliinuka, akachukua funguo kwa Kheiria. Kisha akazirudisha.

"Endesha wewe," alisema. "Mie ntakaa nyuma na mwanangu."

Hospitali, daktari alizungumza na Asaad faragha, kisha na wazee wake. Asaad alilazwa siku kumi. Alipewa dawa, na akaambiwa asiziache mwenyewe hata akijiona mzima. Baada ya hapo, kila wiki alikwenda kuzungumza na mtaalamu. Ghanim, mwalimu wa timu, alikuja kumtazama.

"Nafasi yako ipo," alimwambia. "Pumzika mpaka daktari aseme. Na hapana mchezaji wangu atakayebeba fainali peke yake. Tulikosa magoli matatu kabla ya penalti yako. Nani anayataja?"

Ijumaa iliyofuata, Asaad angali hospitali, majlisi ilijaa kama kawaida.

"Mkanda uko wapi?" aliuliza Marhoon.

"Haupo, na hautakuwepo," alisema Sleyum. "Marhoon, mimi ndiye niliyekuwa nikibonyeza. Kosa ni langu kwanza. Lakini atakayemcheka mwanangu tena kwa jambo hilo, kahawa yangu asinywe."

Marhoon baadaye alikwenda hospitali peke yake, amechukua machungwa. Alikaa na Asaad saa nzima, na hakutaja mpira.

Asaad alikaa nje ya uwanja miezi saba. Siku nyengine zilikuwa nzuri, nyengine mbaya. Alijifunza kusema mapema mawazo yale yakimrudia. Shariffa alijifunza kuuliza bila kuogopa jibu.

Siku ya mchezo wake wa kwanza, Sleyum alimpeleka kwa gari. Walipofika, Asaad hakushuka.

"Baba, kifua kinanibana. Nna khofu."

Zamani Sleyum angesema mwanamme haogopi. Sasa alizima gari.

"Hata mie nnayo," alisema. "Tukae kwanza. Ukitaka turudi, tutarudi, na sitakulaumu."

Walikaa. Asaad alivuta pumzi polepole, kama alivyofundishwa. Baada ya dakika kumi alifungua mlango mwenyewe, akaingia uwanjani.

Timu yao ilifungwa mbili kwa moja. Asaad alirudi nyumbani, akaoga, akalala mpaka alfajiri.