Kabichi ya Juu

Kila Novemba wanawake wa kanisa la Gangjin, Korea Kusini, walikusanyika uani kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha yenye chumvi na pilipili, ya kuwagawia wazee wasio na watu. Eunbyeol, msichana wa miaka kumi na minne, aliijua kazi hiyo vizuri: kupasua kabichi, kuzilaza kwenye mapipa ya maji ya chumvi, na baada ya saa kadhaa kuzigeuza ili za juu ziende chini, zote zikolee chumvi. Mwaka huo pipa la kushoto lilikuwa lake, la kulia la Dahye, msichana mwenzake.

Dahye aligeuza zake. Eunbyeol aliketi nyuma ya stoo na simu, akacheka na video mpaka akasahau. Kabichi zilipotolewa, nusu ya pipa lake ilikuwa ngumu, majani yanakatika badala ya kukunjika.

"Nani alishika pipa hili?" Mama Pyo, msimamizi wa jiko, alifoka.

"Dahye," Eunbyeol alijibu bila kupepesa macho.

Hakuna aliyeuliza mara mbili, na hilo ndilo linaloudhi. Dahye alikuwa na miezi minne tu kanisani, na bibi yake alikuwa mganga anayepunga mizimu kwa ngoma kule mtaa wa sokoni.

"Mtoto wa mizimu, utategemea nini?" Mama Pyo alisema, Dahye akisikia. Dahye alivua aproni, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa waliwahoji wasichana hao wawili: Dahye kwa ajili ya ubatizo, Eunbyeol, aliyebatizwa akiwa mchanga, kwa ajili ya kipaimara. Bibi yake Eunbyeol, mzee wa kanisa, alikuwa mezani pia.

"Eunbyeol, wewe umetubu nini?" Mchungaji Seok aliuliza.

Swali gani hilo! "Mchungaji, babu wa babu yangu alibeba mawe ya msingi wa kanisa hili. Mama aliniombea nikiwa tumboni. Mimi ni Mkristo tangu sijazaliwa."

"Nimekuuliza habari zako, si za babu yako."

Masikio ya Eunbyeol yaliwaka moto. Huyu mchungaji amekuja juzi tu, anawajua wao ni akina nani?

Mchungaji akamgeukia Dahye.

"Nimemchukia mtu wiki nzima," Dahye alisema. "Nilitaka aaibike mbele za watu. Mpaka sasa nina hasira naye. Lakini sitaki tena kumwombea mabaya. Hilo ndilo ninalotubu."

Hakutaja jina. Hata hakumtazama Eunbyeol, na kule kutotazamwa kulimchoma kuliko kofi.

Eunbyeol alisimama, kiti kikaanguka. "Si umtaje tu! Sema ni mimi!" alipiga kelele. "Pipa lile lilikuwa langu! Sikugeuza kabichi, nikamsingizia yeye! Haya, mmefurahi?" Kisha akalia, kilio cha hasira, na safari hii alijikasirikia mwenyewe. "Nisamehe, Dahye."

"Leo sijui kama nitaweza," Dahye alijibu. "Lakini nimekusikia."

Bibi yake Eunbyeol akapiga meza kwa kiganja. "Na sisi wakubwa je? Nilikuwapo uani. Nilijua pipa la kushoto ni la nani, nikanyamaza kwa kuwa mwongo ni damu yangu! Aibu gani hii! Jumapili ijayo mimi na Mama Pyo tutamwomba Dahye radhi mbele ya kanisa zima."

Wazee wakakubaliana Dahye abatizwe, na Eunbyeol asubiri kipaimara mpaka Pasaka. Eunbyeol hakubisha. Aliinama kukiinua kiti chake.

"Inauma, Bibi," alisema.

"Iache iume," Bibi alijibu, hasira bado haijamtoka. "Kabichi ya juu ililala pipa moja na za chini, ikatoka mbichi. Kulala karibu na chumvi hakukuifaa kitu. Imani ya babu yako ilimkolea babu yako. Yako imeanza kukuingia leo."