Maoni ya Liévin

Liévin alikuwa amezikwa wiki tano zilizopita, na kila asubuhi saa mbili alikuwa angali anafika kazini. Ndivyo mashini za kompyuta zilivyosema. Jina lake liligeuka kijani kwenye orodha pamoja na majina mengine sita, na wazungu waliosoma orodha hiyo huko kwao waliridhika kwamba watengenezaji wao saba wa programu, hapa Bunia, wapo wote.

Anayetaka kucheka acheke. Mimi nitaeleza tu jinsi ilivyokuwa, maana mji huu umejaa watu wanaodhani majini yanakaa mtoni au kwenye msitu wa Mambasa, kisha wanapita mbele ya biro, hizi ofisi zenye vioo, bila hata kufanya ishara ya msalaba.

Patron, yaani bosi wa biro hiyo, aliitwa Aristide, mtu wa tai na manukato. Kampuni yake ilitengeneza programu ya kuandikia wagonjwa wa vituo vya afya, kuanzia Ariwara mpaka Mambasa. Sikia hiyo: wagonjwa. Wenye malaria wa Ituri nzima aliwajua kwa idadi, lakini mwenye homa aliyekaa mbele ya macho yake hakumwona. Siku ya kukabidhi kazi alikuwa akifunga mlango na kutia ufunguo mfukoni, asitoke mtu mpaka kazi iishe. Liévin, kijana wa Mahagi, alifia humo, juu ya meza yake, saa saba mchana, baada ya siku tatu za kutetemeka na kukohoa. Kwenye kilio, pale msibani, Aristide ndiye aliyesimama kutoa ushuhuda kwa niaba ya wenzake wa kazi. Alisema marehemu alikuwa mzima na mwenye furaha mpaka dakika ya mwisho. Shetani mkubwa. Wenzake walitazama chini, hakuna aliyefungua mdomo.

Mkataba wa wazungu ulitaka watu saba, wakipungua, unakatwa. Basi Aristide hakuwaambia wazungu kitu. Alimwamuru Noëlla, jirani wa meza ya marehemu, awe anaifungua mashini yake kila asubuhi kwa neno lake la siri. Noëlla akafungua. Alikuwa binti mpole anayemlea mama yake, na hofu ya kufukuzwa kazi katika mji huu si kitu cha kuchekwa.

Mwezi wa sita ikaja fomu ya maoni. Kila mwaka wazungu hutaka kujua wafanyakazi wanaionaje kazi yao, wanasikilizwa au hapana, wanapumzika au hapana. Eti kila mtu aandike kwa uhuru, jina halitaonekana. Aristide akawa anapita nyuma ya viti akisoma kila neno, na kwa uhuru huo maoni sita yakatoka matamu ya kutapisha. Yakabaki ya Liévin.

"Muandikie," Aristide akamwambia Noëlla. "Haikamati hata dakika mbili."

Ilikuwa mchana, jua likipiga mabati. Noëlla akaketi kwenye kiti cha marehemu na kuandika: Niko muzuri, nafurahi kazi. Alipotuma tu, harufu ikapanda chumbani, harufu ya majani ya mikaratusi yaliyochemshwa, yale ambayo Liévin alijifukizia zile siku zake tatu za mwisho mpaka shati lake likanuka hivyo hivyo. Priscille, rafiki yake Noëlla, aliyeketi meza ya mbele, akageuka. Kati yao, mahali pasipokuwa na mtu, kitu kikakohoa mara moja, kikohozi kikavu.

"Umesikia?" Priscille akanong'ona.

Noëlla alitaka kusema ndiyo, na kwamba kichwa kimeanza kumgonga. Mdomo wake ulifunguka, ikatoka sauti nzito ya kiume yenye lafudhi ya Mahagi.

"Niko muzuri, nafurahi kazi."

Priscille alidhani ni mzaha, akakasirika, akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake Noëlla alishindwa kuamka. Mama yake, Mama Monique, alimgusa na kuukuta mwili unawaka. Alimuuliza inamuuma wapi. Akajibiwa na sauti ile. Akampeleka kituo cha afya, na muuguzi alipouliza, jibu likawa lilelile, na muuguzi, kwa haraka ya foleni, akaandika ndani ya programu ya Aristide kwamba huyu hana lalamiko, homa ndogo, apewe vidonge, arudi nyumbani. Siku ya tatu wakaja kina mama wa maombi, wakaimba, wakanyunyiza maji ya baraka, na kila walipomwambia Noëlla ataje kinachomtesa, midomo yake iliyopasuka kwa homa ilisema anafurahi kazi, anafurahi kazi, huku macho yake yakiwa wazi, yakitokwa na machozi, yakihama kutoka uso huu kwenda uso ule, yakiomba mtu mmoja tu asisikilize mdomo, na chumba kizima kikinuka mikaratusi wakati hakuna chungu motoni. Mama Monique alitoka nje akakaa chini kwenye vumbi. Alijua mtoto wake anakufa na hana njia ya kusema kwamba anakufa.

Kazini mambo hayakuwa bora. Noëlla hayupo, lakini saa mbili kamili jina la Liévin liligeuka kijani lenyewe. Kwenye meza yake vibonyezo vilishuka na kupanda, polepole, kimoja kimoja, vikiandika sentensi ileile mpaka kioo cha mashini kikajaa. Orly, mwenye meza ya pembeni, alihamisha kiti chake. Aristide alisema ni shida ya umeme, kazi iendelee.

Priscille hakuendelea. Aliikumbuka ile sauti ya kiume, akampigia simu baba mdogo wa Liévin, Muzee Étienne, katekista aliyemzika. Mzee akapanda kamyo ya mizigo, akafika kesho yake mwenye vumbi mpaka kwenye kope, akaketi kitandani pa Noëlla na kumsikiliza muda mrefu. Aliitambua sauti ya mtoto wao. Aliona uchungu kuliko woga. Kisha akamuuliza Priscille nani alitoa ushuhuda kwenye kilio, na baada ya hapo walifanya nini. Priscille alieleza yote, mpaka fomu.

"Watu ya kazi wanasema ukweli ya marehemu ju apate kulala," Muzee Étienne alisema taratibu. "Nyinyi mulisema uongo. Kisha mukamuandikia uongo ingine kwa jina yake. Sasa anasema vile mulimufundisha."

"Atamuacha wakati gani, Muzee?"

"Kama mumoja wenu ameandika ukweli pahali uongo iliandikwa. Kisha kila mwenye alidanganya atoe ya kwake. Ya patron itabaki na patron. Weye anza."

Priscille akarudi biro saa saba mchana. Aliketi kwenye kiti cha Liévin mbele ya wote, akafungua barua pepe ya kuwaandikia wazungu. Aristide akaja juu yake, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba akituma neno moja, mkataba umekufa na watu wote hawa watakaa njaa kwa sababu yake. Priscille aliwatazama wenzake. Hakuna aliyemtetea, Orly alikuwa amejifunika uso. Akaandika kwamba Liévin amekufa. Maneno yakajifuta, pakatokea kwamba yuko mzuri. Akaandika tena. Kikohozi kikaanza sikioni mwake, karibu kabisa, chenye joto na unyevu, na vibonyezo vikawa vinapanda vyenyewe chini ya vidole vyake kumzuia, naye akawa anavikandamiza huku akilia, neno kwa neno, kwamba Liévin alikufa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano, juu ya meza hii, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, na kwamba wote waliona, na kwamba yeye Priscille aliona na akaendelea kuandika programu. Akaweka jina lake kamili. Akatuma. Mashini ikazimika, na jina la kijani likatoka kwenye orodha.

Saa ileile, huko nyumbani, Noëlla alivuta pumzi ndefu. Mama Monique akamuinamia, akamuuliza inamuuma wapi, bila matumaini.

"Tumbo, mama," Noëlla akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Tumbo na kichwa. Naumwa sana."

Mama yake akapiga magoti. Lakini Noëlla alikuwa amegeuza macho kwa Muzee Étienne, na hakuyaondoa.

"Muzee, siku ile Liévin aliniomba. Aliniambia nimupigie motard wa pikipiki kwa simu amupeleke hospitali, kama mulango inafunguka motard akuwe tayari chini. Nikamwambia angoje, nimalize kwanza ukurasa yangu." Akalamba midomo iliyopasuka. "Niliimaliza."

Muzee Étienne alisimama. Alimfunika vizuri, akavaa viatu vyake, akatoka mbio barabarani kumtafutia motard.