Mita Moja ya Neti

Uzi ulikuwa umelowa. Mama Sidonie aliushika ili autunge kwenye sindano, akaona ncha imekwisha kunyonywa na mtu. Mate mazito ya manjano yalining'inia, yananuka kama nyama iliyosahauliwa ndani ya majani. Akamwita binti yake Euphrasie, akamuuliza kwa hasira nani anachezea vitu vyake vya kushonea. Euphrasie, aliyekuwa nje akimenya mihogo, akajibu kwamba hakuingia mule tangu asubuhi.

Ilikuwa Masisi, mwaka wa 1968, na Jumamosi Euphrasie alikuwa aolewe. Mama yake, fundi wa kushona, alikuwa anamtengenezea tandiko la kitanda la viraka: vipande vya vitenge, vya mapazia, vya sare za shule, na pembeni kote marinda ya tulle, ile neti nyembamba nyeupe ya shela za maharusi. Wanawake walikuja kulitazama na kulishika. Waliuliza neti imetoka wapi, maana hapo Masisi haikuuzwa. Sidonie akacheka, akasema fundi hakosi mabaki.

Mabaki gani? Tuseme wazi. Mwezi uliopita Papa Hakorimana alifiwa na binti yake Généreuse, aliyekuwa amekwisha kuposwa. Mzee akataka azikwe na shela, kama bibi harusi, akaleta mita tatu za neti kutoka Sake. Sidonie akashona mbili. Ya tatu akaificha sandukuni, akamwambia mzee kitambaa kimetosha kwa shida tu. Maiti imelala inangoja, na yeye anaiibia! Na Jumapili anakaa benchi ya mbele kanisani.

Jumatano, saa za mchana, aliona katikati ya tandiko kiraka asichokumbuka kukikata. Kilikuwa cha kahawia, laini, kimeshonwa kwa mishono midogo mizuri kuliko yake. Alipokipapasa kilikuwa na joto, na vinyweleo. Hakujiuliza sana, maana kilipendeza. Akafikiri ni kipande cha mahameli alichokisahau. Akachukua pasi ya makaa, akakinyoosha.

Kiraka kikachemka. Mafuta yakatoka chini ya pasi, yakatiririka juu ya vitenge, moshi ukapanda wenye harufu ya ngozi ya nguruwe inapobabuliwa, na huko nje Euphrasie akalia, kilio kirefu cha mtu aliyeunguzwa, Sidonie akatoka mbio na pasi bado mkononi, akamkuta binti amepandisha kikwembe alichojifunga kiunoni na anautazama mguu wake, na pale kwenye shavu la mguu ngozi ilikuwa imeondoka kwa umbo la mraba, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa makasi, bila damu, nyama inang'aa kama ya kuku aliyechunwa, inatokota malengelenge yenye umbo la pasi, na nzi wanatembea humo taratibu kama watu waliozoea nyumba.

Sidonie alitapika ndani ya beseni la mihogo.

Wakamwita Mama Godelieve, mwanamke mzee wa Kibua, upande wa Walikale, aliyekuja kuuza magome ya dawa. Alibatizwa, lakini mambo ya zamani ya wafu aliyajua. Alikataa kukaa. Alijifunika pua kwa kikwembe, akalitazama tandiko kutoka mlangoni.

"Hii neti iko ya nani?"

Sidonie akasema ilinunuliwa Goma. Hata hakumaliza. Kwenye tandiko uzi ulisikika ukivutwa, krr, krr, na Euphrasie akashika bega lake. Alipotoa mkono, kiganja kililowa maji ya nyama.

"Ongeza tena uongo," Godelieve akasema polepole. "Ni mutoto njo anakulipia."

"Iko ya Généreuse," Sidonie akanong'ona.

"Basi anatafuta urefu wake. Miye sina dawa ya mwizi, mama. Enda kwa baba yake, useme mbele ya watu, kisha urudishe yote. Ulitaka kumuoza mutoto, sivyo? Ataoza kweli."

Papa Hakorimana alikuwa shambani anapalilia maharage. Sidonie akamwambia yote, majirani wakisikia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaeleza kwamba shela haikufika miguuni, akamfunika binti yake miguu kwa majani ya migomba, halafu akarudi Sake kumtukana muuzaji wa neti kuwa ni mwizi aliyempunja kipimo.

"Nilitukana muntu bure," akasema. "Na mutoto wangu alienda miguu inje."

Akatema mate chini, akaongoza njia ya makaburini.

Ijumaa kutwa Sidonie alikaa kwenye manyunyu, tandiko mapajani, anafumua marinda na kuunganisha neti kipande kwa kipande juu ya kaburi. Kadiri ilivyorefuka, ngozi ya Euphrasie ilijifunga, kwanza begani, kisha mguuni. Lakini ilipofika mwisho, Godelieve, aliyekuja nao makaburini, akapima. Imepunguka shibiri moja. Vipande vilivyobaki alipokata marinda Sidonie alikwisha kuvifagia, akavitia motoni.

Hapo Euphrasie, aliyekaa kando ya kaburi, akashika shavu la uso. Ngozi ilikuwa imeanza kuachia karibu na sikio.

Sidonie akauzamisha mkono wake wa kuume ndani ya udongo wa kaburi.

"Muache. Kamata kwangu."

Chini kule ulimi wa baridi ukamlamba kiganja, polepole, mara mbili. Kisha makasi.

Jumamosi Euphrasie aliolewa, uso mzima. Mama yake aliwasalimia wageni kwa mkono wa kushoto, ule mwingine ukiwa umefungwa kitambaa. Papa Hakorimana alikuja, akamvuta kando, akamwomba aufungue.

Hapakuwa na kidonda. Mahali pa ngozi ya kiganja palishonwa neti, nyeupe, mishono midogo mizuri, na kupitia matundu yake nyama ilionekana ikipumua. Nzi mmoja alikuwa ndani, chini ya neti, anatembea huku na huku akitafuta mlango.

Mzee akaweka vidole vyake juu, akapima.

"Shibiri moja," akasema. "Mutoto wangu hakuzidisha."