Hesabu Huanzia Mbili

Mwezi wa nane, saa saba mchana, hata kuku wa Kishapu hutembea wamebana ukutani, kwenye ule mstari mwembamba wa kivuli, kama wanaume wanaomkwepa mama mkwe. Saa hiyo familia ya Edson ilikuwa mezani, na saa hiyo ndiyo sauti ya nne ilipojibu kutoka stoo.

Mezani walikuwa watatu. Edson mwenyewe, aliyechimba dhahabu Nyarugusu miaka kumi na miwili hadi mgongo ulipomwambia basi, na sasa anaendesha mashine ya kusaga karibu na gulio. Mkewe Mariana, mwalimu wa shule ya msingi. Na Loveness, mtoto wao wa pekee, aliyemaliza kidato cha sita na sasa anangojea chuo huku ameng'ang'ania simu.

Simu hiyo ndiyo iliyoleta Shelisheli nyumbani. Edson na Mariana walikuwa wanatimiza miaka ishirini ya ndoa, na siku za uchumba Edson aliapa kwamba akitoka shimoni mzima atampeleka mkewe kutembea visiwani. Visiwa gani, hakusema; hakujua kama viko vya kuchagua. Loveness akachagua kwa niaba yake: visiwa zaidi ya mia, vimetawanyika baharini kama punje za mtama zilizomwagika kwenye kanga ya buluu. Mariana hakuwa na haja na bahari. Alitaka kuwaona kobe wakubwa wa huko, wanaoishi umri wa babu na wa mjukuu kwa pamoja, ambao kwa miaka yote ya ualimu amelifundisha darasa la nne habari zao kwa picha moja iliyofifia, akiapa mbele ya watoto kwamba ni wa kweli. Na Edson, ambaye maji aliyajua kama adui wa kuvutwa kwa pampu, alinunua mnadani kaptura ya kuogelea yenye minazi, akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akaivua kwa heshima na kuikunja.

Mchana ule Mwahija, mwanamke wa Pangani anayekatia watu tiketi za ndege mjini Shinyanga, alipiga simu kuuliza wako wangapi. Edson alikuwa na tonge mdomoni. Akaweka simu mezani, sauti nje, akawageukia wake zake wawili, kama alivyopenda kuwaita kwa utani, na kufanya vile alivyozoea juu ya duara, maana wachimbaji shimo lao huliita duara.

"Haya, tuhesabu," alisema. "Mbili."

Mariana akacheka, akaingia mchezoni. "Tatu."

"Nne," akasema Loveness.

Halafu stoo, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu akasema taratibu, kama anayeitikia mahudhurio: "Moja."

Mwahija akashukuru, akasema ameandika wanne, akakata simu.

Walitazamana. Kila mmoja akadhani ni mwenzake. Edson akainuka, akafungua stoo. Magunia ya michembe ya viazi vilivyokaushwa, majembe, na kwenye msumari kamba yake ya shimoni aliyoiweka kwa kumbukumbu. Kamba ilikuwa imelowa chapachapa. Ilikuwa inatona, tone kwa tone, kwenye sakafu ya nyumba ambayo haijaona mvua tangu mwezi wa tano. Akaigusa, akanusa vidole: mwamba mbichi na moshi wa baruti. Akaufunga mlango, akarudi mezani, akasema ni panya.

"Panya anayejua hesabu?" aliuliza Mariana.

"Nyumba ya mwalimu hii," alijibu Edson. Wakacheka. Yeye hakumaliza ugali wake.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kuwaeleza. Katika duara lao hakuna binadamu aliyekuwa moja. Watu walihesabiwa wakishuka na wakahesabiwa wakipanda, na hesabu ilianzia mbili. Moja ilikuwa ya mwenyeji. Mwenyeji ni nani, hakuna aliyeuliza. Alikuwa ndani ya kilima kabla dhahabu haijapata jina, na adabu ilikuwa kumwachia nafasi yake mbele. Mgeni akijisahau akasema moja, msimamizi wao, mzee Jilala, alimrudisha kambini siku hiyohiyo. Kule chini, kwenye njia ya giza, walitembea kila mmoja mkono begani mwa aliye mbele yake, na ukipigwa bega mara mbili, maana yake twende. Miaka kumi na miwili ya mambo hayo humkaa mtu mwilini. Hata akihesabu madebe mashineni, ulimi wa Edson ulitaka kuanzia mbili, akawa anaushika. Ila hadi mchana ule hakuwahi kuhesabu watu wake.

Siku ya pili Mariana alipanga sahani nne mezani. Hakugundua mpaka alipokuwa anazikusanya, na ya nne ilikuwa na maji kidogo ya tope katikati. Siku ya tatu Loveness alirudi gulioni na kofia za pama za kuvaa ufukweni, akazihesabu kwa furaha mbele yao, nne, na alipoulizwa ya nne ya nani alisimama kinywa wazi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Ramani ya visiwa, ambayo yeye mwenyewe aliibandika kwenye mlango wa stoo, ilikutwa na alama ya kidole chenye tope, iliyotoka kisiwa hadi kisiwa, ikitulia hapa, ikitulia pale, kama ya mtu anayechagua.

Siku ya nne Mwahija alipiga tena.

"Shemeji, yule mzee wenu amenipigia," alisema. "Anaomba kiti cha dirishani."

Kiti cha dirishani, sisi tuliosafiri kidogo tunajua, hugombaniwa hata na watu wazima wenye vitambi. Lakini Edson, pale mashineni, alikaa chini kwenye gunia la pumba. Akauliza, kwa sauti ndogo, mzee gani.

"Si huyo wa kwanza kwenye orodha? Ana adabu, jamani. Anasema hajawahi kuona nje." Mwahija akafunua karatasi. "Ila simu yake ina mwangwi. Yuko kisimani?"

Kesho yake alfajiri Edson alipanda basi la Geita.

Alimkuta Jilala nje ya kibanda chake Nyarugusu, anatengeneza redio. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akauliza kama Edson, wakati anapanga safari hiyo, alikuwa akiizungumzia kwa sauti ndani ya nyumba yenye kamba ile. Edson akakiri: kila siku, mezani, mwezi mzima. Mchanga mweupe, upepo, maji unayoona mpaka chini.

"Bebe, wewe Edson," alisema Jilala. "Mtu amekaa gizani tangu kabla ya babu yako. Umemsimulia bahari, halafu ukamwachia nafasi. Ungekuwa wewe ungebaki?"

Akamwelekeza la kufanya. Kwanza, karatasi za safari zirudi kuwa za watu watatu. Kamba ichomwe mbali na nyumba. Kisha, saa ileile sauti iliyojibu, wasimame mbele ya stoo kama wachimbaji wanavyosimama kule chini: macho yafungwe kitambaa, mkono begani, wahesabu kuanzia moja, na moja aichukue Edson kabla hajaichukua mwingine. Hesabu ikifungwa kwa watatu, mwenyeji hana pa kukaa, atarudi kilimani.

"Lakini mtu asitoke kwenye mstari," alisema, na hapo ndipo alipoinua kichwa. "Ataita. Ataita kwa sauti ya mnayempenda. Atakayekuwa nje hesabu ikifungwa, huyo atashika nafasi yake kule chini, na yeye atashika yake kwenu. Waambie wote wawili. Usifanye mzaha, nakujua."

Edson akamwomba aje naye. Jilala akarudi kwenye redio yake. Mimi bado nashuka, alisema, bado nahesabiwa naye.

Nyumbani Edson alimweleza Mariana yote, jikoni, kwa kunong'ona, na Mariana alisikiliza ameshika mwiko mkavu kifuani. Akauliza jambo moja tu, kama Loveness naye ataambiwa. Edson akasema atamwambia. Na kweli alikwenda kwa binti yake aliyekuwa anapaka rangi kucha za safari, akakaa karibu naye, akaona ukucha mmoja ameupaka mara tatu bila kujua, akashindwa kumwambia. Alimwambia ni mchezo wa wachimbaji wa kuondoa mkosi wa safari, kwamba watafungwa vitambaa kama mbuzi wa mnada wa vipofu, na atakayecheka atabeba masanduku ya wote. Loveness akacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Edson akaona amefanya vizuri. Akaongeza tu, akiwa mlangoni, kwamba asitoke kwenye mstari.

"Na mama akiniita?"

"Mama yako atakuwa mbele yako," alisema Edson, na akaenda kuchoma kamba.

Mwahija alirekebisha karatasi bila maswali. Tiketi zikawa tatu. Siku iliyofuata, ilipogonga saa saba, waliacha chakula kimefunikwa, mlango wa nyuma wazi kwa ajili ya hewa, wakajipanga koridoni: Edson mbele, uso kwa mlango wa stoo, Mariana nyuma yake, Loveness mwisho. Wakafunga macho kwa vipande vya kanga. Bati lilikuwa linaalika juu kwa joto, ta, ta, na kwa mbali mashine ya jirani ilikuwa inasaga mahindi, na Mariana alishukuru moyoni kwa mlio huo wa kawaida, mpaka uliponyamaza.

Harufu ilitangulia. Ilipita chini ya mlango, baridi, harufu ya mwamba uliopasuliwa leo na maji yaliyolala miaka bila kuguswa na jua, ikawapanda miguuni hadi magotini, na pamoja nayo ukaja mlio wa tone, na tone jingine, ingawa kamba ilikuwa majivu tangu jana, kisha mlio wa kitu kizito kinachojivuta polepole juu ya magunia kuelekea mlangoni, na Edson akasikia pumzi upande wa pili wa mbao, pumzi ndefu ya mtu anayejiandaa kusema neno, na hapohapo Mariana akahisi mkono wa binti yake ukiinuka begani mwake, akataka kugeuka, akakumbuka kwamba hawaruhusiwi kugeuka, akajiambia mtoto anajifuta jasho, akahesabu mapigo ya moyo wake, sita, saba, nane, mpaka mkono uliporudi na kutulia palepale, mzito kidogo na wenye ubaridi, na Mariana akaubana kwa shavu lake kumtia moyo mwanawe.

"Moja!" akasema Edson, akimwahi mwenye ile pumzi.

"Mbili," akasema Mariana.

"Tatu," ikasema sauti ya Loveness, wazi, karibu na sikio lake.

Tone likakatika. Harufu ikarudi chini ya mlango kama maji yanavyorudi kwenye ufa. Nyuma ya mbao hakukuwa na mtu, na Edson alilijua hilo kwa mwili mzima, vile mchimbaji anavyojua hewa ikiwa safi. Mashine ya jirani ikaanza tena kusaga. Edson aliegemea mlango, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akasema kwamba kwa kweli kaptura yake ya minazi imepata bahati, na kwamba Loveness hakucheka, kwa hiyo masanduku atayabeba yeye, baba, aliyecheka.

Kutoka uani, upande wa bomba la maji, Loveness aliita.

"Mama, mbona huku nje hupo? Si umeniita nikushike mkono? Baba, mmeanza bila mimi?"

Hakuna aliyegusa kitambaa chake. Edson alifungua kinywa ajibu, na kabla hajapata neno, Loveness akaita tena, Baba, na safari hii sauti ilitoka mbali, na chini, na ilikuwa na mwangwi.

Ule mkono ulikuwa bado begani mwa Mariana. Ukampiga mara mbili, taratibu, kwa adabu, kama wafanyavyo watu wa duara.

Tiketi zilikuwa tatu.